Mwalimu wa Mashini na Mkono wa Kushoto

Wazee wa upande wetu wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, wakimtaja Mwalimu wa Mashini humtaja kama mwandishi wa barua. Vijana humtaja kama mtu aliyewaruhusu kucheza. Wote wako sahihi, na nimejaribu mara kadhaa kuanza na mojawapo ya sifa hizo, nikafuta. Nadhani anaonekana vizuri zaidi akiwa amesimama katika duka la vifaa mjini Mbarara, kichwa kimeinama, kipanya cha kompyuta kimesogezwa sikioni, kama mtu anayesikiliza yai.

Alikuwa akisikiliza gurudumu. Kipanya kikitikiswa taratibu na gurudumu lake likagonga ndani, alikirudisha mezani. Kisha alibonyeza kitufe cha kwanza kwa mdundo wa wimbo wa kanisani, ubeti mzima, silabi moja kwa bonyezo moja, akiimba puani. Kitufe kilichoruka kiliufanya ubeti uchechemee, naye alikitambua hata kama wauzaji wawili walikuwa wakibishana karibu yake. Baada ya hapo aliomba kompyuta ya duka, akafungua programu ya kuchorea, akachora duara moja polepole. Mwisho wa mstari ulipaswa kukutana na mwanzo wake. Ukipita pembeni, hata kwa unene wa unywele, alitikisa kichwa. Mwisho kabisa alikiweka kiganjani, akafumba macho, akakilinganisha na kitu ambacho sisi hatukukiona. Siku moja nilimwuliza ni kitu gani. Akasema ni yai la bata: la kuku ni jepesi mno kwa kazi, na jiwe ni zito mno kwa mchezo.

Naandika haya kwa sababu miezi miwili iliyopita ilinibidi nimchagulie yeye kipanya. Katika mvua za mwaka huu kiharusi kilimpiga upande wa kulia, akalazwa Mbarara, akarudi nyumbani na ulimi mzito kidogo na mkono wa kuume usiosikia amri. Mkewe alinipigia simu nikiwa chuoni. Mama Mwalimu si mtu wa kulia kwenye simu, na hakulia.

“Binti, Mwalimu wako haisikii,” alisema. “Batu banakuya na barua, anabarudisha. Kanisani anatoka mbele batu baanze kusalimiana. Anakula nyuma ya rido, mimi pia nisimuone. Anasema mukono yake ya batu imekufa.”

Akanieleza kwamba mama mmoja wa mazoezi ya viungo, waliyemwona katika hospitali ya Ruharo, alikuwa amesema mkono wa kushoto unaweza kufundishwa, ila uanzishwe kwa mchezo kwanza, kazi itafuata. Basi nitafute kipanya. Kiwe cha mchezo na kiwe cha barua, na kikubali mkono uliobaki. Akasema asipoketi tena mbele ya mashine, ataendelea kukaa nyuma ya pazia mpaka siku ya kuzikwa. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya barabara.

Ili uzito wa ombi hilo ueleweke, lazima nieleze chumba alichofundishia.

Kilikuwa chumba cha matofali, cha paa la bati, si mbali na Kabazana, ambako wageni hupokelewa na kuandikishwa kabla ya kupewa viwanja. Ndani mlikuwa na kompyuta nane zilizokula umeme wa jua. Asubuhi chumba kilikuwa cha kazi: wanafunzi wa kuandika kwa mashine, akina mama waliojifunza kujaza fomu, na watu wenye barua. Saa tisa alasiri kiligeuka kuwa cha michezo. Vijana wale wale waliokuwa wamelima tangu alfajiri waliingia na vumbi la miguuni, wakacheza mpira na mbio za magari mpaka betri zilipoonyesha alama nyekundu. Vifaa vilikuwa vile vile. Ndiyo maana kuchagua kipanya kwake hakukuwa jambo la dakika tano.

Kipanya chepesi cha ofisini kilikufa mikononi mwa vijana ndani ya msimu mmoja, kitufe kimechoka, bonyezo moja likihesabiwa mawili. Kipanya cha wachezaji, chenye taa za rangi, kilikunywa umeme ambao ungetosha kumalizia barua ya mtu, na vitufe vyake vya pembeni viliwafanya akina mama wafungue kurasa wasizozitaka, wakatoa mikono kana kwamba wameunguza kitu cha serikali. Kisicho na waya alikikataa kabisa. Alisema kitu kisicho na mkia hakijui kwao. Alitafuta kilicho katikati: chenye waya laini, chenye kasi mbili au tatu zinazobadilishwa kwa kidole, ya chini kwa fomu na ya juu kwa magari, chenye miguu minene chini yake isiyolika upesi. Na kiwe na sauti. Wauzaji walimsifia vile visivyo na kelele, yeye akasema darasa lisilosikika haliwezi kufundishwa. Alikuwa na uwezo wa kuandika ubaoni akiwa ametupa kisogo na kumwambia mtu wa mashine ya sita kwamba amebonyeza mara nyingi mno.

Hata kitambaa cha chini ya kipanya alikichunguza. Mwanzoni alibandika vitenge juu ya maboksi, kwa kuwa vilikuwepo na vilipendeza. Mshale ukawa unarukaruka. Alikaa siku mbili akihamisha kipanya kutoka ua hadi ua, mpaka akagundua kwamba jicho la chini la kipanya hupotea linapovuka kutoka rangi moja kali kwenda nyingine. Akabandua vitenge vyote, akaweka kaki ya sare kuukuu za shule. Mshale ukatulia. Alifurahi kwa namna yake, yaani alichora duara moja la ziada.

Alikuwa na misemo michache, na alirudia ile ile bila aibu. Aliwaambia vijana kwamba kipanya kibaya hufundisha mkono uongo. Aliwaambia akina mama kwamba mashine haina haraka, haraka ni ya mtu. Na ule ambao nimeutafakari kuliko yote aliusema dukani, siku aliponichukua Mbarara nimsaidie kubeba mizigo. Muuzaji alikuwa amemhimiza achukue anachokipenda mwenyewe.

“Kitu ya batu babili,” alijibu, “unachagula juu ya ule mwenye haiko hapa.”

Yaani unapochagua asubuhi kwa ajili ya karani, mkumbuke mchezaji ambaye bado yuko shambani. Na ukichagua pamoja na mchezaji, mkumbuke mama mwenye fomu. Sijasoma katika vitabu vyangu vya chuo kanuni ya haki iliyo fupi kuliko hiyo.

Alikuwa shemasi, na nilishangaa mwanzoni kwamba aliruhusu michezo kabisa. Aliiruhusu, lakini kwa sheria moja: chenye uso hakipigwi risasi. Hakuieleza, wala hakuna aliyeuliza. Kila mtu katika chumba kile alikuwa na jambo alilolikimbia. Vijana, kwa kuwa walikuwa vijana, waliitafutia sheria hiyo mianya. Walimletea mchezo wa viumbe wa angani wenye jicho moja, wakamwita aje kuamua. Aliinama mbele ya skrini, akakitazama kile kiumbe kwa makini ya hakimu. Mmoja wa vijana akasema huo si uso, Mwalimu, ni taa. Mwingine akasema hata shemasi mwenyewe akivaa miwani anafanana nacho. Chumba kizima kilicheka, naye pia, halafu akahukumu kwamba kitu kinachogeuka kukutazama kina uso. Mchezo ukafutwa.

Yeye mwenyewe alicheza. Hilo nililigundua kwa bahati tu, saa saba mchana, chumba kimefungwa kwa ajili ya chakula, nami nimerudi kuchukua daftari. Alikuwa anajenga mji. Ulikuwa mmoja wa ile michezo ambayo unapewa uwanja mtupu na mto, ukapanga barabara, nyumba na mashamba. Mji wake ulikuwa mpana na wa kupendeza, wenye mifereji hadi mashamba ya mbali. Nilisimama nyuma yake nikitafuta kitu kilichokosekana, nikakiona: hapakuwa na ofisi hata moja. Nikamwuliza. Hakugeuka.

“Huku hakuna mutu wa kuandikia barua,” akasema, kisha akaongeza kisima.

Barua zilikuwa maisha yake ya kweli. Watu walimletea majina yaliyokosewa, umri uliokosewa, mtoto aliyesahauliwa kwenye orodha, mgonjwa aliyehitaji kupelekwa mbali. Alinawa mikono kabla ya kuanza barua ya mtu. Aliandika walichosema, akawasomea kwa sauti, akarekebisha kwa kipanya neno moja moja, bila kuongeza huzuni ambayo mwenyewe hakuisema. Wengine walilalamika kwamba barua zake zilikuwa kavu. Aliwaambia wanaosoma barua huko maofisini wamezoea machozi ya watu wengine. Hawajazoea tarehe sahihi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Mimi ni wa mkono wa kushoto. Nilipoingia chumbani mwake nikiwa na miaka kumi na minne, niliketi, nikachukua kipanya nikakiweka kushoto mwa kibodi, kwa kuwa ndipo mkono ulipokuwa. Alikuja, akakinyanyua juu ya kibodi, akakiweka kulia. Kesho yake nikakirudisha kushoto, naye akakirudisha kulia. Tuliendelea hivyo wiki tatu, na sijui ni yupi kati yetu aliyekuwa mkaidi zaidi. Mwisho akavuta kiti, akaketi kando yangu.

“Mukono ya kushoto haisalimiaka mukubwa,” alisema kwa upole. “Na barua ya mutu mwenye shida ni salamu. Utaigusa na mukono gani?”

Nyumbani nilikuwa nimekwisha kufundishwa hivyo hivyo: usipokee kwa kushoto, usimpe mtu kitu kwa kushoto, na mkono wa kuume ukiwa na unga au tope, mnyooshee mtu kifundo cha mkono huo huo. Yeye aliipeleka adabu hiyo mahali ambapo wazazi wangu hawakufika, kwenye kompyuta. Akanipa gunzi la hindi nilishike kwa mkono wa kushoto wakati wote wa mazoezi ya kipanya, ili mkono huo uwe na shughuli na usije ukaiba kazi ya mwenzake. Nililishika mwezi mzima. Wenzangu waliniita Gunzi mpaka nilipomaliza shule. Wapo wanaoniita hivyo hadi leo, kwa mapenzi, nami huitika.

Hakuwahi kunipiga wala kunidhihaki. Aliamini ananipa kitu. Mkono wangu wa kuume ulijifunza, ukawa mwepesi, na miaka ya baadaye nilikaa kwenye mashine ya kwanza nikiwasaidia akina mama wenye fomu. Vipanya alivyonunua, vyote bila kukosa, vilikuwa na umbo la mkono wa kuume: tumbo upande mmoja, bonde la kidole gumba upande mwingine. Siku ile ya msemo wake nilikuwa nimesimama naye dukani, futi mbili kutoka kwake. Nilikuwepo, na bado katika hesabu yake yote ya asubuhi na alasiri, ya karani na mchezaji, mimi ndiye niliyekuwa sipo. Jambo hilo sikuliona wakati ule. Nililiona baadaye sana, chuoni, na liliponijia lilinifanya nisimame katikati ya uwanja nikiwa nimebeba sahani ya chakula.

Utafiti wangu ni wa mipaka ya mashamba. Ninachora mistari juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, bonyezo kwa bonyezo, kona kwa kona, maelfu kwa maelfu. Mwaka jana kifundo cha mkono wa kuume kilivimba. Mhadhiri wangu, aliyekuwa ameniona nikiandika kwa kalamu kwa mkono wa kushoto, aliniuliza kwa nini kipanya nakishika kwa mwingine. Nilifungua mdomo kumjibu, nikagundua kwamba sababu niliyokuwa nayo, sababu kamili na ya heshima, ilikuwa na maana katika chumba kimoja tu duniani. Usiku huo nilifunga mlango wa chumba changu kwa ufunguo kabla ya kukihamishia kipanya kushoto. Mstari ulinyooka mara moja. Nilijisikia kama mtu anayeiba.

Sikumwambia. Nilipokuja Nakivale likizo na kukaa mbele ya mashine zake, nilitumia mkono wa kuume na kuvumilia maumivu. Sasa mkewe alikuwa amenituma nimpelekee kitu ambacho yeye, kwa upole wote, alininyima.

Katika duka la Mbarara nilikaa saa mbili na nusu. Muuzaji, kijana wa hapo hapo mwenye subira ya kuigiza, alipanga vipanya mezani kwa safu mbili.

“Nyabo,” aliniita, yaani bibie, “hii ni ya kazi, hii ni ya gemu. Wewe nataka gani?”

Nikamwambia nataka cha vyote viwili, tena cha mkono wa kushoto. Akakuna kichwa. Akasema hapo Mbarara watu wa kushoto wanatumia hizi hizi, na hakuna aliyekufa. Nikavijaribu kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto. Kile cha gharama, chenye vitufe vingi, kilinifanya kidole kidogo kibonyeze mambo yaliyokusudiwa kidole gumba. Kwa mkono unaojifunza upya hiyo ingekuwa aibu kila dakika. Kile kilichosimama wima, ambacho wanasema hupumzisha kifundo, kilikuwa cha kuume kabisa, kama kiatu. Kimoja bapa, kisicho na waya, kiliteleza mno. Nikawaza: mkono usiozoea unahitaji uzito kidogo ili usitetemeke, lakini ukizidi unachoka. Kasi iwe ya chini, ila iweze kupandishwa, maana mkono ukizoea na kasi ikabaki chini, mtu hatajua kwamba amezoea. Vitufe viwe laini, lakini visiwe laini kiasi cha kubonyezwa na kidole kilichopumzika tu. Niliandika yote hayo kwenye daftari. Nilimsikia muuzaji akivuta pumzi.

“Nyabo, wewe iko nanunua mausi ama iko natafuta bwana?”

Mteja mmoja nyuma yangu alicheka. Nikasema bwana ningekwisha kumpata. Muuzaji akaingia stoo, akarudi na boksi lenye vumbi: kipanya cheusi, cha mtindo wa zamani kidogo, pande zake mbili sawasawa, hakina tumbo upande wowote, chenye waya na kasi tatu. Nikakitikisa sikioni. Nikabonyeza ubeti mzima nikiimba puani, na nikiwa katikati ya ubeti nikatambua kwamba naimba hadharani kwa sauti ya mtu mwingine. Nikachora duara kwa mkono wa kushoto. Likafunga.

Nilifika Nakivale kupitia Kaberebere siku ya Jumanne, kwenye saa nne asubuhi. Nje ya chumba, kwenye benchi, alikuwa ameketi bibi mmoja Mrundi, bahasha ya plastiki magotini. Mama Mwalimu alininong’oneza kwamba hiyo ilikuwa siku ya tatu; anaambiwa arudi nyumbani, anaitikia, halafu asubuhi yuko pale.

Mwalimu alikuwa ndani, mbele ya mashine iliyofunikwa kitambaa. Mkono wa kuume ulikuwa umelazwa pajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Alinikaribisha kwa sauti tu. Hakuninyooshea kitu, hata kifundo, na miaka yote niliyomfahamu hilo halikuwahi kutokea. Nilimpa habari za chuo. Aliuliza swali moja zuri juu ya mipaka.

Nikaifunua mashine, nikaiwasha, nikakitoa kipanya kwenye boksi, nikakichomeka, nikakiweka kushoto mwa kibodi. Nikabadili mpangilio wa vitufe ili kidole cha shahada kiwe ndicho kinachobonyeza. Aligeuza uso kuelekea ukutani.

“Iweke fasi yake, kuume,” akasema.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeiandika, kwa kweli, yenye hoja nne. Niliiacha kwenye daftari. Nilivuta kiti kingine, nikaketi, nikakishika kipanya kwa mkono wangu wa kushoto mbele yake, nikaanza kuchora mpaka wa shamba katika programu ya kuchorea, kama ninavyofanya kila siku: kona, kona, kona, mpaka shamba likafungwa. Nikaanza lingine. Nilipofikia la tatu nilijua kwamba amegeuka na anatazama.

“Tangu lini?” akauliza.

“Kwenye kazi, tangu mwaka jana, Mwalimu. Nje ya kazi, tangu nizaliwe.”

“Ile najua. Nilikuonaka siku ya kwanza.” Ulimi ulimchelewesha, akasubiri uje. “Ule mwingine, wa kuume. Uliuma?”

Nilifikiri kumdanganya, na nadhani angegundua.

“Uliuma. Hata leo unauma.”

Uani Mama Mwalimu alikuwa akifagia, ufagio ukasimama. Mwalimu aliutazama mkono wake uliolala pajani.

“Nilizania nakufundisha heshima,” alisema.

Niliingoja sentensi iliyopaswa kufuata. Nimekuwa nikiingoja tangu siku ile, nikiijaribu kwa maneno mbalimbali, na wakati mwingine nashawishika kwamba ile aliyoitamka ilikuwa imekwisha kuibeba. Aliniambia nitoke kwenye kiti.

Nilimfungulia mji wake. Ulikuwa bado upo, pamoja na mifereji yake. Aliuweka mkono wa kushoto juu ya kipanya kwa uangalifu wa mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa, na mshale ukakimbia hadi ukingoni mwa skrini. Akaurudisha. Ukakimbia upande wa pili. Nikataka kushusha kasi, akanikataza kwa kichwa, halafu akatafuta kitufe mwenyewe, akakikosa mara mbili, akaishusha. Nyumba ya kwanza aliiweka mtoni. Ya pili aliiweka juu ya barabara. Upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

“Hawa batu batanishitaki,” akasema.

Aliendelea kama nusu saa. Jasho lilimtoka. Nyumba ya saba ilikaa mahali pake, na ya nane pia, ingawa ile ya tisa ilirudi majini. Kisha akaacha, mkono ungali juu ya kipanya.

“Ule mama angali inje?”

Nikamwambia yupo.

“Umuite.”

Bibi aliingia, akapiga goti kidogo, akamnyooshea bahasha kwa mikono miwili. Mkono wa kushoto wa Mwalimu uliinuka kutoka kwenye kipanya, ukasimama hewani kati yao. Nilijua kwamba akiurudisha sasa, hautainuka tena, wala kwa barua wala kwa chakula wala kwa salamu, na kwamba hapakuwa na kifaa chochote mjini Mbarara ambacho kingemsaidia kwa hilo.

“Unisamehe, mama,” akasema. “Ni mukono ya kushoto.”

Akaipokea.

Bibi alikuwa amekwisha kuketi. Sidhani kama alisikia, au kama alisikia, sidhani kama aliona kuna la kujibu. Alikuwa amengoja siku tatu.

“Bameandika niko peke yangu,” alimwambia. “Mwalimu, niko na bajukuu batatu.”

Nikautoa ukurasa uliokuwa ndani ya bahasha, Mwalimu akausoma. Nikamfungulia karatasi tupu kwenye skrini, na chini yake kibodi ile inayobonyezwa kwa mshale, herufi moja moja. Akaomba maji ya kunawa. Mkewe akaleta beseni, akammiminia juu ya mkono mmoja, akaufuta.

“Tuanze na mukubwa,” alimwambia bibi. “Anaitwa nani?”

Bibi akalitaja jina. Herufi ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikubali. Ya tatu aliikosea, nami nikanyoosha mkono bila kufikiri. Alikuwa amekwisha kuifuta mwenyewe. Nikatoka nje, nikaketi kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi. Muda mrefu ulipita kabla sijamsikia akiuliza jina la mtoto wa pili.